SINDANO HAITENGENEZI MAYAI
Somo la kikundi juu ya uzazi wa kambare



Somo la leo ni la wale wenye vidimbwi vya samaki, na pia la wale wanaofikiria kuchimba. Mnakumbuka kwamba mwaka wa 2009 Serikali yetu ilianzisha mpango wa vidimbwi 200 katika kila eneo la ubunge, kwa kuanzia maeneo 140, kila kidimbwi mita mraba 300. Vidimbwi vingine vinaendelea hadi leo, vingine vimejaa nyasi. Tukiuliza sababu, jibu tunalolisikia mara nyingi ni hili: vifaranga vya samaki havikupatikana, ama vilitoka mbali vikafika vimekufa. Kwa hivyo vikundi vingi vinatamani kuzalisha vifaranga vyao wenyewe. Ni jambo jema. Lakini kwa kambare, yule ambaye kule upande wa ziwa wanamwita mumi, si rahisi kama kwa tilapia. Tilapia huzaa kidimbwini mpaka tukachoka naye. Kambare naye ananona, tumbo linajaa mayai, na hatagi.

Hebu tuanze na mambo yaliyotokea, ndipo tuingie katika somo.

Kikundi kilichopoteza samaki

Tulikitembelea kikundi kimoja cha kina mama mwezi wa Agosti, wakati wa baridi. Walikuwa na kambare wakubwa, na walikuwa wamesikia kwamba kuna sindano ya kumfanya kambare atage. Wakachanga pesa kutoka kwa mzunguko wao, wakamwita kijana mmoja aliyesema anaijua kazi hiyo. Walichagua majike wanane wenye matumbo makubwa, wakachinja madume, wakatoa tezi vichwani, wakadunga saa mbili usiku. Kijana akasema, "Kesho saa moja asubuhi tunakamua."

Saa moja ikafika. Wakakamua, hakuna kitu. Wakakamua kwa nguvu. Jike mmoja tu alitoa mayai kidogo, yamechanganyika na damu. Majike wawili walikufa siku hiyo hiyo. Madume yalikuwa yamekwisha kuliwa.

Mama mweka hazina akatuuliza, "Sasa mwalimu, dawa ilikuwa mbaya ama samaki ndio wabaya?"

Lilikuwa swali zuri, kwa sababu pesa zile zilikuwa za karo za watoto wa watu. Jibu letu lilikuwa: "Mama, dawa haikuwa mbaya, na samaki hawakuwa wabaya. Ufunguo ulifika, lakini mlango ulikuwa bado haujatiwa kufuli." Wakatuangalia tu. Basi tukakaa chini ya mti, tukaeleza kama tunavyowaeleza ninyi sasa.

Mama kambare anangoja nini?

Huko mtoni na ziwani kambare hutaga mvua kubwa inapoanza. Maji yakifurika na kuingia katika nyasi za kando, kambare hutoka usiku kwenda kutaga katika maji hayo mapya ya kina kifupi. Mayai hunata kwenye nyasi. Kambare halindi mayai wala watoto. Kwa hivyo ni lazima achague wakati vizuri: maji mapya, chakula kingi, joto la kutosha. Akitaga wakati wa kiangazi, watoto wote watakufa.

Mungu amemwekea basi utaratibu wa kungoja. Mayai hukua ndani ya tumbo mpaka karibu na mwisho, halafu husimama hapo. Yamejaa, lakini hayajakomaa kabisa. Yanangoja neno kutoka kichwani. Katika kidimbwi chetu mafuriko hayaji, na neno hilo halitolewi. Ndiyo maana jike anaweza kukaa miezi na tumbo la mayai, mwishowe mwili wake unayafyonza tena mayai hayo.

Sindano ni njia ya kulipeleka neno lile bila mafuriko. Basi. Haifanyi kazi nyingine.

Homoni na vipokezi: ufunguo na kufuli

Neno hilo la kichwani huitwa homoni. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na tezi ndani ya mwili na kusafirishwa na damu. Damu hupita kila mahali: kwenye mapezi, kwenye ini, kwenye moyo, kwenye mayai. Sasa jiulize: homoni ikipita kote, mbona pezi halifanyi kitu, lakini yai linafanya?

Ni kwa sababu ya vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli ndogo mno iliyo juu ya seli. Homoni ni ufunguo. Ufunguo wa nyumba yako ukipitishwa kijiji kizima utafungua mlango wako tu, kwa kuwa kufuli yake iko kwako. Pezi halina kufuli ya homoni hii, kwa hivyo ufunguo unapita tu. Ovari inayo, kwa hivyo inasikia na kutenda.

Na hili ndilo jambo ambalo vikundi vingi hawajaambiwa: kufuli hizi hazipo siku zote. Ovari huzitengeneza kwa wakati wake. Kuna miezi ambayo aina moja ya kufuli ni nyingi na nyingine ni chache kabisa. Ukileta ufunguo kabla kufuli haijawekwa, utauzungusha hewani. Hata ukileta funguo kumi, ni bure. Watu wengi sindano ikishindwa husema, "Tuongeze dozi." Hapana. Kilichopungua hapo ni kufuli, ufunguo mlikuwa nao.

Kazi mbili, funguo mbili

Chini ya ubongo wa samaki kuna tezi ndogo sana iitwayo pituitari. Sisi binadamu pia tunayo. Tezi hii hutoa homoni mbili za uzazi. Wataalamu huziita FSH na LH. Majina hayo msiyaogope. Ninyi zikumbukeni hivi: ya kwanza ni ufunguo wa kujaza, ya pili ni ufunguo wa kukomaza.

*Kazi ya kwanza: kujaza.* Kila yai limezungukwa na seli ndogo ndogo zinazolitunza, kama yaya na mtoto. Vipokezi vya ufunguo wa kujaza viko kwenye seli hizo. Ufunguo ukiingia, seli hutengeneza homoni nyingine iitwayo estrojeni. Estrojeni inaingia katika damu mpaka kwenye ini. Ini nalo lina vipokezi vyake vya estrojeni. Likiisikia, linaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, ile akiba ambayo mtoto wa samaki atakula kabla hajaanza kujitafutia. Protini hiyo inarudi kwa damu mpaka kwenye yai, na yai linaipokea na kuiweka ndani. Siku kwa siku yai linakua.

Mnaona ni safari ndefu: kichwa, ovari, ini, halafu ovari tena. Kazi hii huchukua wiki nyingi, na inahitaji chakula. Ini haliwezi kutengeneza akiba kutokana na maji matupu. Jike anayelishwa pumba peke yake hana cha kuweka ndani ya yai.

*Kazi ya pili: kukomaza.* Yai likishajaa, zile seli zinazolizunguka huongeza vipokezi vya ufunguo wa pili. Sasa mlango una kufuli yake. Ufunguo wa kukomaza ukija kwa wingi, seli zinaacha kutengeneza estrojeni na kuanza kutengeneza homoni nyingine, ya kukomaza yai. Homoni hii haiendi mbali. Inavuka tu mpaka kwenye yai lenyewe, ambalo nalo lina vipokezi vyake kwenye ngozi yake. Hapo yai linaamka. Kile kiduara kidogo kilichokuwa katikati yake, chenye urithi wa mama, kinasogea kando na utando wake unayeyuka. Yai liko tayari kupokea mbegu ya dume. Kisha linaachana na seli zile zilizolitunza, linaanguka ndani ya ovari likiwa huru, na sasa linaweza kutoka kwa kukamuliwa polepole.

Kwa hivyo agizo linapita mkono kwa mkono, kama linavyotoka kwa chifu kwenda kwa naibu wake, kwa mzee wa kijiji, mpaka nyumbani kwako. Mmoja akikosekana njiani, agizo haliwafikii watu. Kazi ya pili ni ya masaa tu, lakini haiwezi kuanza kama ile ya wiki nyingi haijakwisha.

Gayogayo na jamaa zake wa baharini

Msidhani mambo haya ni ya kambare peke yake. Wasomaji wetu wa Pwani wanamjua gayogayo, samaki bapa alalaye mchangani, macho yote mawili upande mmoja. (Akiwa mchanga sana huogelea wima kama samaki wengine, jicho moja huku na jingine kule. Baadaye jicho moja huhama.) Gayogayo ana jamaa katika bahari za mbali ambao hufugwa kwa biashara: halibati kule Norwei, na soli wa Senegali anayefugwa sana Hispania na Ureno. Kwa sababu wana bei nzuri na ni wagumu kuzalisha, ovari zao zimechunguzwa kwa makini, hatua kwa hatua. Na kwao, kama kwa samaki wengine wengi, mpangilio ni ule ule: vipokezi vya kujaza hufanya kazi yai linapokua, na vile vya kukomaza huwa vingi mwishoni.

Lakini kila samaki ana desturi yake. Halibati jike hatoi mayai yote mara moja. Hutoa fungu moja, anapumzika siku tatu hivi, anatoa jingine, na kuendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Kila jike ana mwendo wake, na mfugaji lazima aandike mwendo wa kila mmoja. Akichelewa masaa machache, mayai ya fungu lile yameharibika tumboni. Soli naye ana shida nyingine: madume waliozaliwa na kukulia mashambani mara nyingi hawamchumbii jike, naye anataga mayai yasiyo na mbegu. Kwa hivyo hata wenye maabara kubwa bado wanapaswa kumtazama samaki kwa macho na kumfuata kwa saa yake. Wewe mwenye kidimbwi kimoja usione aibu kufanya vivyo hivyo.

Sindano zilivyo

Wazo la sindano si geni. Mwaka wa 1930 Bernardo Houssay, mwanasayansi wa Argentina, alidunga samaki kwa maji ya tezi ya pituitari ya samaki wengine na kuona uzazi ukiharakishwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 Rodolpho von Ihering na wenzake kule Brazili wakaitumia njia hiyo kuzalisha samaki wa kufugwa. Tangu hapo imeenea duniani, na hapa kwetu pia inatumika katika vituo vya vifaranga.

Kuna aina tatu ambazo mnaweza kukutana nazo.

1. *Tezi ya kambare mwenzake.* Huchukuliwa kutoka kichwani mwa kambare aliyekomaa, dume ama jike, mwenye uzito sawa na jike atakayedungwa. Tezi moja kwa jike mmoja. Husagwa katika kinu kidogo, huchanganywa na maji safi yaliyochemshwa yenye chumvi gramu 9 kwa lita, kisha hudungwa katika nyama ya mgongo. Aliyetoa tezi analiwa, hakuna hasara hapo. Hii inaleta ufunguo wenyewe moja kwa moja.

2. *Homoni ya mkojo wa mama mjamzito.* Msicheke. Mwanamke akiwa na mimba mwili wake hutoa homoni inayofanana na ule ufunguo wa pili, na kufuli ya samaki inaikubali. Hutayarishwa na kupimwa maabara, si kitu cha kujifanyia nyumbani. Tunawatajia ili mwone jinsi Muumba alivyotumia mpango mmoja kwa viumbe vingi.

3. *Dawa ya dukani* kama vile Ovaprim, nusu mililita kwa kila kilo ya jike. Hii haileti ufunguo wenyewe. Inaiamuru tezi ya jike mwenyewe itoe funguo zake, na pia inaondoa breki, kwa kuwa ubongo wa samaki una kitu kinachoizuia tezi wakati hakuna mvua.

Aina zote tatu zinahitaji kitu kimoja: yai lililojaa, lenye vipokezi tayari. Hakuna sindano inayoruka kazi ya kwanza.

Jinsi ya kumpima mama kabla ya kumdunga

Vipokezi hatuvioni kwa macho, lakini yai tunaliona. Yai lililojaa ndilo lenye kufuli. Basi tupime yai.

- *Usimlishe siku moja kabla ya kumpima.* Tumbo kubwa laweza kuwa chakula. Wale kina mama wa kikundi chetu walichagua matumbo yaliyojaa chakula cha jioni.
- *Mshike kwa kitambaa kibichi*, kichwa kimefunikwa, na usimtupe chini. Samaki aliyesumbuliwa sana hukataa kutaga.
- *Gusa tumbo.* La mayai ni laini na limejaa mpaka karibu na tundu la uzazi. La mafuta ama chakula ni gumu, na limejaa mbele tu.
- *Bonyeza kidogo sana.* Mayai machache yakitoka, yaweke juu ya kisahani. Yakikataa, usilazimishe. Mrudishe majini.
- *Tazama mayai.* Yawe ya ukubwa mmoja. Yakiwa makubwa kwa madogo, kujaza bado kunaendelea. Yakiwa na madoa meupe ama yamepondeka, wakati umepita na mwili unayafyonza.
- *Yapange kando ya rula.* Panga mayai 10 kwa mstari. Yakifika karibu sentimita 1 ama zaidi, kila yai lina milimita 1 hivi. Huyo ni wa kufikiriwa. Yakiwa nusu ya hapo, mwache ale, umpime tena baada ya wiki nne.

Rula ya mtoto wa shule inatosha kazi hii. Haigharimu kitu, na ingaliokoa samaki wote wa wale kina mama.

Saa ya kukamua inategemea joto la maji

Homoni ikishaingia, kazi ya kukomaza inakwenda kwa mwendo wa joto. Maji ya moto kiasi, mwendo wa haraka. Maji baridi, polepole. Kwa kambare masaa kati ya kudunga na kukamua ni kama haya:

Nyuzi 20: masaa 21
Nyuzi 21: masaa 18
Nyuzi 22: masaa 15 na nusu
Nyuzi 24: masaa 12
Nyuzi 25: masaa 11
Nyuzi 26: masaa 10
Nyuzi 28: masaa 8
Nyuzi 30: masaa 7

Sasa turudi kwa kile kikundi. Walidunga saa mbili usiku, wakakamua saa moja asubuhi. Hayo ni masaa 11. Yangekuwa sawa kama maji yangekuwa nyuzi 25. Lakini ilikuwa Agosti, na tulipotia kipimajoto katika karai lao tukapata nyuzi 21. Saa yao ya kweli ilikuwa saa nane mchana! Kwa hivyo hata kama alikuwako jike mmoja aliyekuwa tayari, alikamuliwa mayai yakiwa bado yameshikwa na seli zake. Ndiyo sababu ya damu. Na kuchelewa nako ni kubaya: mayai yaliyoachana na seli yakikaa masaa mengi tumboni huzeeka, na hayaanguliwi vizuri.

Kwa hivyo nunueni kipimajoto. Ni bei ndogo kuliko kambare mmoja.

Kabla ya haya yote: mlishe mama

Kazi ya kwanza ndiyo kubwa, na ndiyo ya mkulima. Watengeni majike mnaotaka kuzalisha, wasisongamane. Wapeni chakula chenye protini nyingi kwa miezi kadhaa: omena zilizosagwa, mashudu ya pamba ama alizeti, pumba za mchele. Maji yawe ya joto la kutosha. Kambare hupenda nyuzi 25 hadi 30, na kule kwenye baridi kazi hii ni ngumu zaidi. Afadhali mpange kuzalisha mvua za masika zinapokaribia, wakati mwili wake wenyewe unaelekea huko. Na jike akishakamuliwa apumzishwe angalau miezi miwili, akila vizuri, kabla hamjamfikiria tena.

Kumbukeni pia kwamba dume wa kambare hakamuliki. Huchinjwa, ama hupasuliwa na mtaalamu, ili kupata mbegu. Kila mkijaribu kabla ya wakati mnapoteza dume bure. Jike wa kilo moja aliye tayari anaweza kutoa mayai gramu 100 ama zaidi, na gramu moja ina mayai kama 600 hadi 700. Mnaona wenyewe: jike mmoja aliye tayari anawatosha. Hakuna haja ya kudunga wanane.

Mwisho wa habari yao

Wale kina mama hawakukata tamaa, ingawa wawili walijitoa kwenye kikundi. Waliobaki waliwalisha kambare wao omena na mashudu kuanzia Oktoba. Machi, mvua zilipoanza, wakapima majike tisa kwa rula. Saba wakarudishwa majini. Mama mmoja alinung'unika, "Tumelisha hawa wote, tunadunga wawili tu?" Mwenyekiti akamjibu, "Wacha, dada. Wale saba bado hawajaweka kufuli." Tulifurahi kusikia neno hilo kinywani mwake.

Afisa wa uvuvi wa kaunti alikuja kusaidia. Wakapima maji, wakahesabu masaa, mmoja wao akakesha na saa mkononi. Asubuhi mayai yalitoka kwa kidole tu, yakimwagika kama mtama, bila damu. Vifaranga vingi vilikufa baadaye, kama kawaida ya kambare, lakini waliobaki walijaza vidimbwi vyao viwili na wengine wakauzwa kwa jirani. Pesa za mzunguko zikarudi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini kambare hatagi kidimbwini hata akiwa na tumbo la mayai?
2. Eleza kwa maneno yako: homoni ni nini, na kipokezi ni nini? Tumia mfano wa kwenu kijijini.
3. Jike amedungwa na hakutaga. Taja sababu mbili ambazo si ubaya wa dawa.
4. Maji yenu ni nyuzi 24. Mkidunga saa moja jioni, mtakamua saa ngapi?
5. Nani katika kikundi chetu atatunza daftari la kila jike: uzito, siku aliyopimwa, ukubwa wa mayai, joto la maji?

Kazi ya mwezi huu

Pimeni joto la kidimbwi asubuhi na jioni kwa siku saba, mwandike. Pimeni mayai ya majike watatu kwa rula. Msidunge mtu yeyote! Tunataka tu mjifunze kutazama.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Sisi tunaongeza: hata kungoja bure bila kulisha hakuna baraka. Mlishe mama, mpime, halafu ndipo ulete ufunguo.

Katika somo lijalo tutaeleza jinsi ya kuchanganya mayai na mbegu ya dume bila kuyagusisha maji mapema, na jinsi ya kulea vifaranga siku zao za kwanza. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.